Msimu wa kulungu: angalia mdomo wa bunduki unaelekea wapi

Hapa Wisconsin, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani ya Novemba na kuendelea kwa siku 9. Nafundisha usalama wa uwindaji, na nafurahi kuona Waswahili wenzetu wakijiandikisha. Kozi zilianza 1967. Mwaka 1966 walijeruhiwa wawindaji 44 katika kila 100,000. Siku hizi idadi imeshuka mno.

Kanuni ni nne. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mdomo wake uelekee pasipo na mtu. Mjue unayemlenga na kilichopo nyuma yake. Kidole kikae nje ya triga mpaka wakati wa kupiga. Mimi huing'ang'ania ya pili, kwa sababu zile nyingine mwanadamu huteleza. Hata swichi ya usalama ni kifaa tu, huharibika. Bunduki ikilia yenyewe huku mdomo ukitazama udongo, hamna msiba.

Hatari kubwa naiona mtu anapohama: anaposhuka garini, anaporuka uzio, na hasa anapopanda dungu lake mtini. Usipande na bunduki begani. Toa risasi zote, ifunge kwa kamba mdomo ukiwa chini, na kamba isipite karibu na triga. Jifunge mkanda wa mwili mzima, panda mikono mitupu, kaa vizuri, ndipo uivute. Kabla ya kutia risasi chungulia mtutu kwa upande wa chemba, pale risasi inapokaa, kwani theluji au tope likiziba, mtutu unaweza kupasuka.

Wenye shotgani, msichanganye risasi mfukoni. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Ukidhani hamna kitu ukatia ya 12 nyuma yake na kupiga, umejilipua. Ndiyo maana ganda la geji 20 huwa la njano.

Kulungu akisimama juu ya kilima, nyuma yake mbingu tupu, mwache. Risasi ya bunduki ya aina ya .30-06 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na huko kuna nyumba za watu. Kichaka kikitikisika, tumia darubini ya mkononi. Ukitumia ile ya bunduki umeshamlenga aliyemo, na huenda ni baba wa mtu.

Nguo za rangi ya chungwa kali, au waridi kali iliyoruhusiwa tangu 2016, zifunike angalau nusu ya mavazi yako kuanzia kiunoni kwenda juu. Huulizwa sana, “Mwalimu, kulungu si ataniona?” Macho yake hayaioni rangi hiyo iking'aa kama tuionavyo sisi.

Kuswaga ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi: wengine wanapita msituni wakiwatimua kulungu, wengine wanangoja mbele, na wote wana bunduki. Kikundi kisicho na kiongozi mmoja mimi sikifuati, hata kikiwa cha ndugu. Kabla hamjatawanyika, kila mmoja anyooshe mkono kuonyesha upande anaoruhusiwa kupiga na walipo wenzake, na kiongozi arudie kwa sauti. Kulungu akikatiza kati ya mstari wa wanaoswaga na wanaongoja, asipige yeyote.