Hamu ya nyumbani ukiwa kazini Uingereza: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Wakenya wengi waliokuja Uingereza miaka hii ya karibuni wamekuja kuuguza wagonjwa na kutunza wazee. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Mwaka uliofuata mlango wa visa ya watunza wazee ukafunguliwa, na Julai 2025 ukafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Walioingia katikati ya hapo wako bado, katika nyumba za wazee za Leeds, Leicester na miji midogo isiyo na Mkenya wa pili. Wakala aliwaeleza habari za visa, tiketi na mshahara. Habari za hamu ya nyumbani hakuzigusa.

Ushauri, hata hivyo, haukosi. Wenzako kazini wanakushauri, shangazi anakushauri kwa simu, mchungaji anakushauri. Mwingi ni wa nia njema. Lakini mwingi si kweli, na anayeuamini huumia mara mbili: kwanza kwa hamu yenyewe, kisha kwa kudhani kwamba ana kasoro.

"Mtu mzima ajikaze, hayo ni ya mtoto wa bweni"

Huu ndio unaowatesa wanaume zaidi. Mtu wa miaka arobaini akisema halali usiku kwa kuwakumbuka watoto wake, anaambiwa awe mwanamume.

Mwaka 1688, mjini Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima kuhusu hali hii. Mmoja wa wagonjwa anaowaeleza ni kijana wa Bern aliyekuja kusoma Basel akadhoofika mpaka watu wakamkatia tamaa. Walipoamua kumrudisha kwao, alianza kupata nafuu njiani, kabla hajafika. Baadaye hali hiyohiyo ilijulikana sana miongoni mwa askari wa Uswisi waliokodishwa kupigania wafalme wa nchi nyingine. Hao walikuwa watu wa kushika silaha. Leo hatuihesabu kuwa ugonjwa, lakini hakuna tena msingi wa kusema inawapata wanyonge tu.

Tena kwa wenzetu sababu iko wazi. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtunza wazee anayeomba visa hii kwa mara ya kwanza haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Mama aliyemwacha mtoto wa miaka mitatu Kitale kwa sababu ya kanuni hiyo ana kila haki ya kulia. Kumwambia ajikaze ni kumfundisha kulia chooni.

"Anayelipwa kwa pauni ana nini cha kulalamikia?"

Tufanye hesabu. Kima cha chini cha mshahara kwa mtunza wazee mwenye visa hii kilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 25,000 kwa mwaka. Ukitoa kodi ya mapato na bima ya taifa, zinabaki kama pauni 1,790 kwa mwezi, na pensheni haijakatwa. Hapo bado chumba, kodi ya halmashauri, umeme, nauli ya basi na chakula. Nyumbani hesabu inafanywa kwa shilingi, inasikika laki tatu, na kila mtu anashangaa zinaenda wapi.

Sisemi tusitume. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na kuna watoto wanaosoma na wazee wanaotibiwa kwa pesa hizo. Ninachokiona ni kwamba pesa ikishakuwa ndiyo habari pekee kati yako na watu wako, unapoteza kile ambacho hamu yako ilikuwa inakitafuta. Simu inalia, unaona jina la kaka yako, na badala ya kufurahi unaanza kukisia ni karo au ni dawa. Waliolivuka hili vizuri ambao nimewaona walifanya jambo moja la wazi: walitaja kiasi na tarehe ya kutuma kila mwezi, wakawaambia wote nyumbani, wakalishikilia neno lao hata waliponuniwa. Baada ya miezi michache simu zilianza tena kuleta habari za ng'ombe aliyezaa na harusi ya jirani.

"Ukijisikia vibaya Desemba, ni nyumbani unapakumbuka"

Si lazima. Kwetu, karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Leeds tarehe 21 Desemba linachomoza kama saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Anayefanya zamu ndefu ya kutwa, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, anatoka gizani na kurudi gizani. Siku tatu za namna hiyo mfululizo, mwili unachoka, usingizi unavurugika, moyo unakuwa mzito. Mtu anafikiri amekosea kuja, na kumbe sehemu kubwa ya uzito ule ni ukosefu wa mwanga.

Idara ya afya hapa, NHS, inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku majira ya vuli na baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kufikiria kuimeza mwaka mzima, kwa kuwa jua la huku halitutoshi. Vidonge ni rahisi na havihitaji cheti cha daktari. Havitaondoa hamu, lakini vinasaidia mifupa na misuli isilipie gharama ya baridi. Kwa moyo, mapumziko ya mchana yatumie nje, hata kama ni dakika kumi na tano kwenye maegesho ya magari na kuna mawingu. Siku ya mapumziko usilale mpaka saa nane mchana, maana mwanga mwingi utakuwa umepita.

"Mwanzo ni raha, kisha unaumia, kisha unazoea, ukimaliza mwaka umepona"

Hadithi hii ina historia ya kitaalamu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, akiwachunguza Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani kwa masomo na utafiti, alipendekeza kwamba mgeni huanza vizuri, hushuka, kisha hupanda tena. Mchoro huo umefundishwa kila mahali tangu hapo. Lakini Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi Wajapani nchini New Zealand, wakiwapima tangu siku ya kwanza hadi mwaka mmoja, katika matokeo waliyochapisha 1998 walikuta shida ilikuwa kubwa zaidi palepale mwanzoni.

Kwa hiyo aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manchester akaanza kulia wiki ya kwanza yuko sawa, hata kama wenzake wanapiga picha za theluji. Na aliyekaa miaka minne kwa amani, kisha Idd moja ikamwangusha kwa sababu amesikia takbira kwenye simu, hajarudi nyuma. Hamu huja na kwenda. Huamshwa na sikukuu, na harufu, na ugonjwa wa mzazi. Haina tarehe ya kuhitimu.

"Ukitaka kuzoea haraka, nyamaza habari za nyumbani"

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kazi yetu yenyewe inatufundisha kinyume.

Katika nyumba nyingi za wazee kuna bibi mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye kila jioni, giza likianza kuingia, anavaa koti, anachukua mkoba wake na kusimama mlangoni. Anataka kwenda nyumbani. Ameishi hapo miaka mingi. Tunafundishwa tusibishane naye wala tusimwambie "hapa ndipo nyumbani kwako." Tunamuuliza: Nyumbani kuna nini? Nani alikuwa anapika? Anaketi, anaanza kueleza bustani ya baba yake na mbwa aliyeitwa hivi na hivi, na baada ya muda koti linavuliwa. Nimemtazama mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, akiifanya kazi hiyo kwa upole na ustadi mkubwa. Kisha akaenda mapumzikoni, akaketi kwenye ngazi za nyuma na chai yake, kimya. Jengo zima halikuwa na mtu wa kumuuliza yeye nani alikuwa anapika kwao.

Tuulizane. Hilo halimchelewishi mtu kuzoea. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada, aliyewachunguza wahamiaji kwa miongo mingi, anaeleza kwamba kwa kawaida wanaofanikiwa zaidi ni wale wanaoshika ya kwao na wakati huohuo wakashiriki ya wenyeji. Walioacha upande mmoja hupata tabu zaidi.

Kwa hiyo kuna hatari ya upande wa pili pia. Wapo wanaorudi kutoka zamu, wanafunga mlango wa chumba na kuishi ndani ya simu mpaka saa nane usiku: taarifa za Kenya, magrupu ya ukoo, mabishano ya siasa za kaunti ambayo hawawezi kuyapigia kura kutoka hapa. Mwili uko Leeds, akili iko Nakuru, na pote pawili mtu hayupo sawasawa.

Halafu kuna saa. Majira ya baridi nyumbani wametutangulia saa tatu, majira ya joto saa mbili. Ukitoka kazini saa mbili usiku Januari, mama yako yuko saa tano na amelala. Wengi huacha kupiga, siku zinapita, aibu inaongezeka. Mtumie ujumbe wa sauti ukitembea kwenda kituo cha basi. Atausikiliza asubuhi akichemsha chai, na wewe ukiamka utakuta jibu lake.

"Chakula cha kwetu hakipatikani"

Kinapatikana. Unga mweupe wa mahindi uko kwenye maduka ya Waafrika, na katika miji mingi uko pia kwa Wahindi. Callaloo ya Wajamaika ni mchicha. Ndizi za kupika ziulize kwenye maduka ya Wakaribi, na usipewe zile kubwa za kukaanga ukidhani ni matoke.

"Wazungu hawana urafiki"

Jirani yako hatagonga mlango kuomba chumvi, na ukimgongea bila taarifa atashtuka. Ni kweli. Lakini urafiki wa huku hukua pale watu wanapokutana kufanya jambo lilelile kila wiki: kwaya, mazoezi, bustani ya mtaa, msikiti, kanisa. Mfano mzuri ni parkrun, iliyoanzia Bushy Park, London, mwaka 2004. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu hukusanyika kwenye bustani za miji kukimbia au kutembea kilomita 5, bila kulipa. Kwa Leeds, hukutana Woodhouse Moor. Wiki ya kwanza hakuna atakayekusemesha sana. Wiki ya sita watakuuliza ulikuwa wapi Jumamosi iliyopita. Asiyependa kukimbia anajitolea kusimama njiani na kuwashangilia wengine, na huyo ndiye anayejulikana na wote haraka zaidi.

"Ukimwambia daktari una huzuni, visa itafutwa"

Huu ni uongo wenye madhara, na umewanyamazisha watu waliohitaji msaada. Kwenda kwa daktari kwa ajili ya huzuni au wasiwasi si sababu ya kufutiwa visa, na yale unayomwambia daktari hayaendi kwa mwajiri wako bila ridhaa yako. Kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaa, ni bure. England, mtu mzima aliyejiandikisha anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya mazungumzo ya NHS bila kupitia kwa daktari. Kama Kiingereza kinakupiga chenga unapozungumzia moyo wako, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipi.

Hamu ya kawaida inakuacha ucheke katikati yake. Ukiona wiki mbili zimepita, chakula hakipiti, usingizi hakuna, hata ulivyokuwa unavipenda havina ladha, nenda. Na mawazo ya kujidhuru yakija, usingoje miadi: piga 111 na uchague afya ya akili, au shirika la Samaritans, namba 116 123, saa yoyote, bila malipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na hapa sitanii na methali.

"Usirudi mpaka umekamilisha"

Kukamilisha nini? Nyumba iishe, gari lipatikane, karatasi zitoke? Wengine wamengoja hivyo mpaka wakarudi kwenye kaburi. Na kuhusu msiba ni bora ujue mapema: sheria inampa mwajiriwa muda wa kushughulikia dharura ya mzazi, mtoto au mwenzi, mazishi yakiwemo, lakini si lazima ulipwe. Kwa kawaida siku za kulipwa zinategemea mkataba wako. Usome leo, nyumbani kukiwa shwari.

Wanaosema likizo ya mapema itakuvuruga wanasahau kwamba anayejua siku yake ya kurudi hubeba miezi tofauti na asiyejua. Yule kijana wa Bern hakupona kwa kufika, alianza kupona kwa kujua anakwenda. Sheria inakupa wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka, yaani siku 28 kwa afanyaye kazi siku tano kwa wiki, ingawa waajiri wengi huhesabu sikukuu za umma humohumo. Ziombe kwa maandishi, na mapema, kwa sababu rota, yaani ratiba ya zamu, ya Desemba na ya Agosti huwahiwa na wenyeji wenye watoto shuleni. Machi au Oktoba unapata kwa urahisi zaidi. Ukishajibiwa, waambie nyumbani tarehe yenyewe, na waambie pia kwamba sanduku litakuwa moja.