Kozi za kulipia na mlango wa udaktari: mzazi hununua nini hasa?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ofisi yetu ya ushauri wa udahili hupokea wazazi wenye swali moja. Mtoto amesoma tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), anataka udaktari, alama zake hazikutosha au zimetosha kwa taabu, na mtaani kuna kituo kinachoahidi kumvusha kwa ada ambayo familia itaipata kwa kuuza kitu. Je, walipe? Jibu langu ni kwamba kozi hizo husaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko matangazo yanavyodai, na sehemu kubwa ya msaada huo hutokana na kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya bila kulipa. Hata hivyo sipendi mzazi aondoke na neno "kidogo" peke yake, kwa sababu katika ushindani wa udaktari kidogo huweza kutosha, na kwa mwanafunzi mwingine kisitoshe kabisa.

Tuanze na mlango wenyewe. Tanzania haina mtihani wa pamoja wa kuingilia vyuo vya tiba. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huweka sifa za chini na kuhakiki waliochaguliwa. Kwa waliomaliza kidato cha sita, mwongozo wa TCU wa miaka ya karibuni umemtaka mwombaji wa Shahada ya Udaktari wa Tiba awe na angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambazo kwa hesabu ya A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1 zinafanya pointi 6. Pointi hizo zinampa mtu ruhusa ya kupiga hodi tu. Wanaokaribishwa ndani, hasa katika vyuo vya umma vinavyogombewa, huwa na alama za juu zaidi ya hapo, na kiwango hicho hubadilika kila mwaka kulingana na waombaji waliojitokeza.

Kwa hiyo anayeuza "kozi ya maandalizi ya udaktari" hapa nchini, hata akiipa jina kubwa namna gani, anauza ahadi ya alama za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na ahadi hiyo inapaswa kupimwa kwa alama. Baraza hutoa D kwa anayepata kati ya 50 na 59, na C kwa anayepata kati ya 60 na 69. Mwanafunzi aliyepata 58 katika Kemia akiongezewa alama mbili tu amejipatia pointi nzima. Aliyepata 51 anahitaji tisa kwa faida hiyohiyo. Aliyepata 36, ambayo ni S, daraja lililo chini ya E, anahitaji 14 ili afike D. Kozi ileile, kwa mwalimu yuleyule na ada ileile, inaweza kumfaa wa kwanza na kumwacha wa tatu palepale alipokuwa. Bahati mbaya matokeo yanayotangazwa huonyesha herufi bila alama ghafi, kwa hiyo mzazi hajui mwanawe yuko ukingoni mwa C au chini kabisa ya D. Njia ya kukadiria ni kumpa karatasi ya mtihani ambayo hajawahi kuiona, aifanye kwa muda kamili, kisha mwalimu asiyemfahamu aisahihishe. Zoezi hilo la asubuhi chache lingefaa litangulie malipo yoyote.

Sasa tuulize kozi yenyewe huongeza kiasi gani. Utafiti mwingi umefanyika katika nchi zenye mitihani maalumu ya kuingilia vyuo. Nchini Marekani, Derek Briggs amechunguza kwa miaka mingi kozi za kujiandaa na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu huko, na hitimisho lake ni kwamba, ukishalinganisha wanafunzi wanaofanana kwa uwezo na hali ya nyumbani, faida ya kozi ni kama alama 30 katika mtihani ambao alama zake huishia 1,600. Wafanyabiashara wa kozi hizo walizoea kunadi 100 na zaidi. Kwa upande wa udaktari hasa, mwaka 2004 William McGaghie na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu kozi za biashara kwa mitihani ya tiba, ukiwemo MCAT wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Marekani, wakakuta ushahidi wa manufaa yake ni hafifu. Mwaka 2008 Barbara Griffin na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti uliowafuatilia waombaji wa chuo kimoja cha tiba, na ndani yake kozi zilionekana kusaidia sehemu moja tu ya mtihani, ile ya kutambua mfuatano wa maumbo, wala hazikuongeza alama za usaili.

Ni lazima niseme kwamba takwimu hizo hazihamishiki kwetu zilivyo. Mitihani ya aina ya SAT hupima zaidi namna ya kufikiri, jambo lisilobadilika haraka, wakati mtihani wetu wa kidato cha sita unapima yaliyofundishwa, na yaliyofundishwa yanaweza kufundishwa tena. Kijana ambaye shule yake ilikaa muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia ana pengo halisi, na mwalimu mzuri akilijaza, alama zitapanda. Kinachohamishika kutoka tafiti hizo ni somo la namna ya kuhesabu faida.

Chukua bango la kituo linaloonyesha picha za vijana kumi waliopata nafasi za udaktari. Bango halisemi walioandikishwa walikuwa wangapi. Kumi kati ya kumi na mbili ni sifa kubwa, na kumi kati ya mia mbili ni jambo ambalo pengine lingetokea hata kituo kisingekuwepo. Tena wanaojiandikisha si kundi la kawaida: mara nyingi ni wenye wazazi wanaoweza kulipa, wenye muda wa kusoma bila kuhangaikia riziki, na wenye hamu kubwa kuliko wenzao. Sifa hizo zingewainua popote walipo.

Kuna mtego mwingine ambao hata sisi wa fani ya upimaji tuliwahi kunaswa nao. Mtu mwenye mafua humwendea mganga siku mafua yamekuwa makali kabisa, na siku tatu baadaye akipata nafuu, sifa humwendea mganga, ilhali mafua yangepungua yenyewe. Mtahiniwa anayerisiti yuko katika hali inayofanana na hiyo. Mara nyingi ameamua kurudia kwa sababu siku ya kwanza ilimwendea vibaya kuliko uwezo wake: aliugua, alifiwa, au maswali yaliangukia mada alizoziruka. Akirudi mwaka unaofuata, sehemu ya alama atakazoongeza ni uwezo wake wa kawaida unaojionyesha, na sehemu nyingine ni mwaka mzima wa ziada wa kusoma. Kituo huziandika zote kwenye hesabu yake.

Ukiondoa hayo yote, kinachobaki kwenye kozi nzuri ni mazoezi yaliyopangwa na masahihisho ya haraka, na hapa utafiti uko imara zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vya maandishi, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali ilikuwa imegeuka, na waliojipima walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Ukiingia katika vituo vingi vya tuisheni utakuta kinyume chake: ukumbi uliojaa, mwalimu hodari wa maneno, ubao umejaa, wanafunzi wananakili, na kila mtu anatoka akiwa na hisia ya kuelewa. Hisia hiyo ndiyo ya zile dakika tano za mwanzo.

Vifaa vya kufanyia mazoezi hayo viko wazi kwa umma. NECTA huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizo taarifa za uchambuzi nashangaa jinsi zinavyosomwa na wachache. Zinaeleza swali kwa swali wangapi walifanya vizuri, wapi wengi walikosea na kwa nini, na zinaambatanisha vielelezo vya majibu halisi, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwanafunzi wa Baiolojia anayesoma taarifa za miaka mitano huanza kuona kwamba makosa hujirudia: mtu ameombwa aeleze sababu, naye ameorodhesha sifa, mtu amechora mchoro bila kuandika majina ya sehemu zake. Mada nyingine zinaweza kusomwa katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bila malipo.

Kuna waombaji wanaolenga vyuo vya nje, au familia za Kitanzania na Kikenya zinazoishi huko, na kwao mtihani wa kuingilia upo kweli. Uingereza hutumia UCAT, Marekani MCAT. Kanuni haibadiliki. Waendeshaji wa UCAT wameweka mitihani ya majaribio bila malipo kwenye tovuti yao, na wa MCAT nao hutoa jaribio kamili la bure, wakati kozi za biashara za MCAT zinaweza kuzidi dola 2,000. Amalize kwanza vya wenye mtihani. Na yeyote anayesema ana "mtu wake ndani" ya chuo, iwe cha hapa au cha nje, anauza kitu kingine kabisa, na mahali pake pa kuelezwa ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Je, ni lini nashauri kulipa? Pale pengo linapojulikana kwa jina. Kijana anayeshindwa hesabu za Kemia na hana mtu wa kumsahihishia anafaidika na mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wachache kuliko na ukumbi wa watu mia. Kijana asiyeweza kujipangia ratiba, na wapo wengi wenye akili nzuri, anaweza kuhitaji kituo kwa sababu tu kinamlazimisha kuamka. Ambaye alama zake ziko mbali sana na D ni vyema ahesabu pia Stashahada ya Utabibu, inayochukua miaka mitatu, inamfanya mtu kuwa tabibu mwenye taaluma, na kwa aliyefaulu vizuri inafungua tena maombi ya shahada. Kurisiti mara mbili au tatu kunaweza kumla muda unaokaribia huo, na mwisho wake asiwe na cheti kingine chochote.

Kwa wanaorisiti kuna jambo moja la mwisho ambalo wazazi hulisahau. Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina karatasi ya tatu, ya vitendo, inayofanyikia maabara. Shule ya bweni ilikuwa na maabara yake. Kituo cha ghorofani sokoni huenda hakina. Kabla ya kutoa ada, omba uonyeshwe maabara: uone bureti na pipeti zinazotumika, hadubini zinazofanya kazi, kemikali ambazo muda wake haujaisha. Kisha uliza kila mwanafunzi atafanya vitendo kwa mikono yake mara ngapi kabla ya mtihani wa Mei, na ni nani atakayemsahihishia jedwali la vipimo vyake.