Nani mzawa wa Palestina? Dhana potofu zinazosambazwa na pande zote mbili

Kila vita vinapozuka Gaza au Yerusalemu, simu zetu hujaa mahakimu. Huyu anatuma aya za kitabu cha Mwanzo, yule anatuma ramani ya 1947 ya Umoja wa Mataifa ya kuigawa Palestina, na wote wawili wanataka uamini kwamba upande mmoja umetoka ardhini na mwingine umeshuka juzi kutoka kwenye meli. Inaniuma kuona watu makini wakipokezana uongo unaofuta historia ya taifa zima. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo zaidi.

"Wayahudi ni Wazungu waliopelekwa huko baada ya Hitler"

Jina la Israeli limechongwa kwenye jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, ambalo lipo Cairo mpaka leo. Warumi walipozima uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba mwaka 135 waliwapiga Wayahudi marufuku kuingia Yerusalemu, lakini hawakuwamaliza nchini. Talmud ya Yerusalemu, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, ilikusanywa Galilaya zaidi ya karne mbili baadaye, na chini ya tawala za Kiislamu jamii ndogo za Kiyahudi ziliishi kwa vipindi virefu Tiberia, Safed, Hebroni na Yerusalemu yenyewe. Tena takriban nusu ya Wayahudi wa Israeli wana asili ya nchi za Kiarabu, Uajemi na jirani zake. Kati ya 1950 na 1951 Wayahudi wapatao 120,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Iraki, nchi ambayo wazee wao waliishi tangu uhamisho wa Babeli. Hao hawajawahi kuwa Wazungu.

"Wapalestina ni Waarabu wa kuja, taifa lao limebuniwa"

Jeshi la Khalifa Umar lilipoichukua Yerusalemu karibu mwaka 638, halikuwang'oa wakulima na kupanda wengine mahali pao. Wenyeji, wengi wao Wakristo, waliendelea na mizeituni yao. Kiarabu kikaenea polepole, watu wakasilimu kizazi baada ya kizazi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana hapa: Uislamu haukumfanya mtu wa Kilwa au Lamu kuwa mgeni kwao.

Hata David Ben-Gurion, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, na Yitzhak Ben-Zvi, rais wake wa pili, waliandika mwaka 1918 kwamba wakulima wa Kiarabu wa Palestina ni uzao wa Wayahudi wa kale waliobaki mashambani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2020, uliochunguza mabaki ya watu 73 wa enzi za Wakanaani, ulionyesha kwamba makundi mengi ya Wayahudi na Waarabu wa eneo hilo wanabeba sehemu kubwa ya asili hiyo hiyo. Wanaogombana ni ndugu wa damu, japo damu peke yake haimpi mtu hatimiliki.

Na kuhusu jina la Palestina: si kweli kwamba Warumi ndio waliolibuni. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, alilitumia karne ya 5 KK. Gazeti la Falastin, yaani Palestina kwa Kiarabu, lilikuwa likichapishwa Jaffa tangu 1911, kabla Waingereza hawajaitawala nchi.

"Ilikuwa nchi tupu"

Sensa ya Waingereza ya 1922 ilihesabu watu 757,182, na karibu 78 kati ya kila 100 walikuwa Waislamu. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni barua. Tarehe 1 Machi 1899, Yusuf Diya al-Khalidi, aliyewahi kuwa meya wa Yerusalemu, alimwandikia kwa Kifaransa Zadoc Kahn, rabi mkuu wa Ufaransa. Alikiri kwamba kihistoria hakuna anayeweza kupinga haki ya Wayahudi juu ya Palestina. Kisha akaeleza kwamba nchi ina watu, watu hao hawatakubali kuondolewa, na kwa jina la Mungu akaomba Palestina iachwe. Barua ilimfikia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, naye akajibu siku kumi na nane baadaye kwamba Wayahudi wataleta neema na hakuna anayefikiria kumfukuza mtu. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au kufukuzwa.

Al-Khalidi aliweza kushika mambo mawili kwa mkono mmoja: mizizi ya Wayahudi na haki ya waliopo. Ni wachache leo wanaoweza.

"Wazayuni wangekwenda popote, hata Uganda"

Eneo ambalo Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni mwaka 1903, katika mpango ulioitwa wa Uganda, ni uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel ulikubali tu kupeleka tume kulikagua, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Walioongoza upinzani ni wajumbe wa Urusi, ambako Wayahudi walikuwa wametoka kuchinjwa katika mji wa Kishinev. Walihitaji kimbilio kuliko wote, na bado wakasema Sayuni au basi. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Mwaka huo huo wa 1905 Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepinga utawala wao.

"Sheria inasema aliyetangulia ndiye mwenye nchi"

Haisemi hivyo. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa 13 Septemba 2007 kwa kura 144 dhidi ya 4; nchi 11, zikiwemo Kenya na Burundi, hazikuegemea upande wowote. Halina fasili ya nani ni mtu wa asili. Kifungu cha 10 kinakataza watu kuondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao. Cha 46 kinazuia tamko lenyewe kutumiwa kuzivunja dola. Waogiek, jamii ya wakazi wa misitu, waliposhinda kesi dhidi ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2017, hoja nzito ilikuwa uhusiano wao na msitu wa Mau na jinsi walivyotengwa. Kwa hiyo anayelitumia tamko hili kudai nchi yote ni ya Wayahudi pekee amelipotosha, na anayelitumia kutaka Wayahudi warudi "kwao" amelipotosha vile vile.

"Wayahudi upande huu, Waarabu upande ule"

Nenda Naqab (Negev), jangwa la kusini mwa Israeli. Wabedui wa huko, Waarabu wenye asili ya ufugaji wa kuhamahama, ni raia wa Israeli. Mwaka 2011 James Anaya, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, aliwataja kuwa watu wa asili. Serikali ya Israeli inakataa. Ukoo wa al-Uqbi ulikwenda mahakamani kudai ardhi ya mababu. Shahidi wao mtaalamu alikuwa profesa wa jiografia Oren Yiftachel, Myahudi. Aliyetoa ushahidi upande wa dola ni Ruth Kark, Myahudi pia. Mahakama ya Juu ya Israeli iliwakatalia mwaka 2015. Kwa sheria ya 1858 ya Waosmani, Waturuki walioitawala Palestina kabla ya Waingereza, ardhi isiyolimwa wala kukaliwa huhesabiwa mfu na ni mali ya dola, na Waingereza mwaka 1921 waliamuru anayeihuisha aisajili. Wabedui waligawana ardhi kwa mila na hawakusajili. Ukoo ukashindwa kwa kukosa karatasi.