Ambaye ugonjwa haujamrudia anahesabiwaje?

Wanafunzi wa udaktari wakiniletea data za utafiti wao, huanza kwa kuwauliza: wale ambao tukio mnalolipima, kama ugonjwa kurudi au kifo, halijawapata mmewafanyaje? "Tumewatoa," hujibu wengi. Basi hapo hesabu imeshaharibika.

Tazama jaribio moja la Marekani lililochapishwa 1963. Wagonjwa 42 wa saratani ya damu waliokuwa wamepata nafuu waligawanywa: 21 wakapewa dawa ya 6-merkaptopurini, 21 vidonge visivyo na dawa. Kilichopimwa ni wiki za kukaa salama kabla ugonjwa haujarudi. Kundi la pili walirudiwa wote. Kundi la dawa walirudiwa 9 tu. Waliobaki 12 walikuwa bado salama ufuatiliaji wao ulipokoma, mmoja akiwa amefika wiki ya 35. Ukipiga wastani wa wale 9 peke yao unapata kama wiki 12. Umewatupa waliofaidika kuliko wote!

Wanatakwimu Kaplan na Meier walionyesha njia mwaka 1958: kila mgonjwa ahesabiwe maadamu bado tunamwona. Wiki ya 6 walirudiwa 3 kati ya 21, wakabaki salama 18, yaani 18/21 au 0.857. Wiki hiyohiyo ufuatiliaji wa mmoja ukakatika akiwa salama. Kwa hiyo wiki ya 7 tuna 17. Akarudiwa mmoja, tunazidisha 0.857 kwa 16/17, tunapata 0.807. Yule aliyekatika hakuiteremsha asilimia, amepunguza kigawanyo tu. Ukiendelea hivyo, mchoro wa sehemu ya waliobaki salama unashuka chini ya nusu wiki ya 23. Kundi lisilo na dawa lilifika hapo wiki ya 8.

Modeli ya mwanatakwimu Cox ya 1972 huongeza kwenye hesabu ya hatari umri, jinsia na mengineyo, lakini nayo inasimama juu ya sharti lilelile la Kaplan na Meier: anayetoka machoni asiwe na hatari tofauti na anayebaki. Sharti hili ndilo linalonikosesha raha kwenye data za kliniki za VVU. "Mtoro" wa rejista, yaani aliyeacha kuja kliniki, huenda amehamia kituo kingine bila barua, au alishazikwa. Watafiti waliowafuatilia watoro Kenya na Uganda walikuta vifo vingi ambavyo kliniki haikuviandika. Kwa hiyo kabla hujafungua programu ya takwimu, teua baadhi ya watoro kwa bahati nasibu, uwaombe wahudumu wa jamii wawatafute majumbani.