Fomu ya malalamiko ya jela Marekani si ya kupoteza muda, ndiyo mwanzo wa kesi yako

Jamani nimeisikia tena wiki hii na nimeona bora niandike, maana nikiendelea kumweleza mtu mmoja mmoja kwenye simu sitamaliza. Mama anapiga, kijana wake yuko jela ya kaunti anasubiri kesi, askari wa zamu wamempiga mpaka taya limevunjika. Mimi swali langu la kwanza huwa ni moja tu, je alijaza fomu ya malalamiko humo humo ndani? Na jibu huwa lile lile: "Ya nini mwanangu, hizo karatasi si wanazisoma wao wenyewe, sisi tunataka jaji." Miezi minne imeshapita hapo.

Hii imani kwamba malalamiko ya ndani ni danganya toto imezika kesi nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho kwenye kazi hii ya haki za kiraia. Na ni kesi nzuri, zenye eksirei, zenye video, zenye watu wa selo jirani walioona kila kitu.

Ukweli ni huu. Tangu 1996 kuna sheria ya Congress inaitwa PLRA, inasema mtu aliyeko gerezani au jela, awe ameshahukumiwa au bado ni mahabusu, hafungui kesi mahakama ya federali, yaani ya serikali kuu ya Marekani, kuhusu mambo ya humo ndani mpaka amalize kwanza njia za malalamiko zilizopo. Kumaliza maana yake si kujaza fomu moja ukakaa. Ni kujaza ndani ya muda waliokupa, ukikataliwa unakata rufaa, ukikataliwa tena unapanda ngazi inayofuata kama ipo, mpaka pasiwe na pa kwenda. Magereza ya federali una siku 20 tangu tukio kupeleka malalamiko kwa mkuu wa gereza, akikataa una siku 20 za kukata rufaa ofisi ya kanda, halafu siku 30 za kwenda makao makuu. Magereza ya Texas ni siku 15. Jela za kaunti kila moja ina utaratibu wake, umeandikwa kwenye kile kijitabu wanachokupa siku ya kuingia au uko kwenye tableti, na watu hawakisomi, wanakilalia.

Najua mtaniambia, lakini mimi nataka fidia na fomu haitoi hela. Mahakama ya Juu ya Marekani iliulizwa swali hilo hilo kwenye kesi ya Booth mwaka 2001 ikasema hata kama jela haiwezi kukulipa senti moja kupitia malalamiko yake, bado lazima uyamalize. 2002 ikaongeza kwamba hata kipigo cha mara moja cha askari kinaingia humo, si mambo ya chakula na magodoro tu. 2006, kesi ya Woodford, ikasema ukipeleka nje ya muda ni sawa na hujapeleka. Kwa hiyo hapa usibishane na mimi wala na wakili wako, sheria iko hivyo na imesimama.

Sasa haya ndiyo mambo ambayo watu wanadhani yanatosha na hayatoshi: kumwambia sajenti kwa mdomo, kumwambia nesi, mama kupiga simu jela kila asubuhi, mchungaji kumwandikia sherifu barua, shangazi kuweka video Facebook. Fanyeni, ni ushahidi na yanasaidia baadaye, ila hayachukui nafasi ya fomu.

"Hajui Kiingereza." Aandike Kiswahili! Kinyarwanda, Kilingala, lugha yoyote aliyonayo, ilimradi kuna karatasi yenye tarehe inayosema nilipigwa, lini, saa ngapi, sehemu gani, na nani, kama jina halijui aseme yule mrefu wa zamu ya usiku. Halafu jela ikisema haikuelewa, hilo litakuwa tatizo lao la kulieleza kwa jaji. Akikaa kimya tatizo ni lake.

"Askari alikataa kumpa fomu" au "alichana mbele yake." Hii inatokea, na hapa sheria haijamwacha mfungwa peke yake. Mwaka 2016, kesi ya Ross, Mahakama ya Juu ilisema njia unazodaiwa kumaliza ni zile zilizopo kweli, kwa hiyo kama wafungwa wanazuiwa kwa vitisho au kwa hila, njia hiyo haihesabiki kuwa ipo. Na 2025 kulikuwa na kesi ya mfungwa wa Michigan aliyesema askari aliharibu malalamiko yake, mahakama ikasema ubishi wa namna hiyo ukiwa umeshikana na kiini cha kesi yenyewe basi waamue juri, yaani raia wanaochaguliwa kusikiliza kesi, si jaji peke yake. Lakini lazima uonyeshe ulijaribu. Aandike kwenye karatasi yoyote tarehe aliyoomba fomu, aliyemuomba na alichojibiwa, aombe tena kesho, aombe kwa askari mwingine.

Na nakala, nakala, nakala. Kuna kijana mmoja alikuwa akikunja kila nakala ya njano ya kaboni anaiweka ndani ya Biblia, malalamiko, jibu, rufaa, jibu la rufaa, zote na tarehe zake. Mawakili wa jela wakaja wanaomba kesi itupwe kwamba hakumaliza utaratibu wa ndani, tukaweka yale makaratasi mezani na ombi lao likaanguka, baadaye wakalipa tukamalizana nje ya mahakama. Kama jela inatumia tableti, aandike namba ya lalamiko akusomee kwenye simu na wewe uandike. Ila simu za jela zinarekodiwa, asome namba tu, asianze kuhadithia kesi yake ya jinai humo.

Mtu akishatoka kabla ya kufungua kesi, mahakama nyingi zinasema sharti hilo halimhusu tena. Ndiyo, lakini msifanye huo kuwa mpango, maana kuna saa nyingine inayokimbia na hii inawaumiza watu wa Louisville (Kentucky) na Nashville (Tennessee) hasa, ambako sisi wasemaji wa Kiswahili tupo wengi. Kesi ya haki za kiraia inatumia muda wa mwisho wa kufungua kesi ambao kila jimbo limeuweka kwa kesi za kuumizwa mwili. Kentucky na Tennessee ni mwaka 1 tu. Ohio na Texas ni miaka 2, New York 3, Minnesota 6. Yaani binamu yako wa Minneapolis akikwambia "tulia, mimi nilifungua baada ya miaka minne", yeye yuko sahihi na wewe ukimsikiliza umekwisha.

Mengine niyapitie haraka.

"Askari hakufungwa, kwa hiyo familia haina kesi." Si kweli. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, alipigiwa risasi 41 New York mwaka 1999, askari wote wanne wakaachiwa huru 2000, na 2004 jiji likailipa familia dola milioni 3. Jinai na madai ni milango miwili tofauti.

"Jiji litalipa tu, mtoto kauawa na askari wao." Hapa napo watu wanaumia. Tangu kesi ya Monell ya 1978, jiji halibebi kosa la askari wake kwa sababu tu limemwajiri, lazima uonyeshe kosa lilitokana na sera, mazoea au mafunzo mabovu ya jiji lenyewe. Patrick Lyoya, Mkongomani mwenzetu, aliuawa na polisi Grand Rapids Aprili 2022, wengi mlimsikia baba yake akilia kwa Kiswahili mbele ya waandishi, na hata kwenye kesi ile jaji aliliondoa jiji kwenye kesi mwaka 2023 akabaki askari. Na askari naye ana kinga yake, lazima uonyeshe haki aliyoivunja ilikuwa imeshawekwa wazi na mahakama kabla ya tukio.

"Basi askari atalipa mfukoni mwake." Profesa Joanna Schwartz alipochunguza idara nyingi za polisi alikuta askari wenyewe walilipa asilimia 0.02 ya hela zote walizolipwa walalamikaji. Wanaolipa ni serikali na bima zao, kwa hiyo usipoteze usingizi eti askari ana nyumba ya mkopo.

"Tutapata kama familia ya Floyd." Dola milioni 27 za jiji la Minneapolis kwa familia ya George Floyd 2021 na milioni 12 za Louisville kwa familia ya Breonna Taylor 2020, wote wawili waliouawa na polisi, zilitangazwa sana kwa sababu si kawaida. Kwa mtu aliyeko ndani, PLRA hiyo hiyo inambana, bila jeraha la mwili fidia ya maumivu ya moyo pekee inazuiwa, na ada ambayo jela inaweza kuamriwa kumlipa wakili wako imewekewa kikomo, ndiyo maana mawakili wengi hawapokei simu zenu.

"Sina makaratasi, sina haki." Sheria ya 1871 tunayoshtakia inamtaja raia "au mtu mwingine" aliye chini ya mamlaka ya Marekani. Mkimbizi yumo, asiye na kibali yumo. Ila ukiumizwa na maafisa wa ICE, wale wa uhamiaji, hao ni federali, sheria hiyo haiwagusi, kwa kawaida unaanza na fomu ya kuidai serikali kuu inaitwa SF-95 ndani ya miaka 2, na uandike kiasi cha hela unachodai kwa tarakimu, kile kisanduku ukikiacha wazi dai lako linaweza kukataliwa.

Na kabla hamjakubali kosa la "kumpinga askari" ili tu mtoke mapema, ongeeni na wakili wa madai siku hiyo hiyo pamoja na yule wa jinai. Tangu kesi ya Heck ya 1994, huwezi kudai fidia kwa hoja inayopingana na hukumu yako mwenyewe ambayo bado imesimama.