Je, wajua? Kwa nini mpira wa Meksiko ulidunda zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Goodyear

Katika vijiji vya jimbo la Sinaloa, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, wapo watu wanaocheza mpira kwa nyonga. Mchezo wao unaitwa ulama, na umetokana na mchezo wa kale wa mpira wa Meksiko. Mguu hautumiki, kiganja hakitumiki: mpira ukija juu mchezaji huruka na kuupiga kwa nyonga, ukija chini hujitupa ardhini aupige hukohuko. Mpira wenyewe hauna upepo ndani. Ni raba tupu, nje hadi kiini, na una uzito wa kilo 3 hadi 4. Mpira wa soka haufiki nusu kilo.

Kitu kizito hivyo kinadundaje?

Wengi hujibu haraka kwamba raba hudunda kwa asili yake: gema mti, kausha utomvu, viringisha, cheza. Sivyo. Utomvu mbichi wa Castilla elastica, mti wa raba wa Meksiko na Amerika ya Kati, ukiachwa ukauke wenyewe haukai sawa. Kwenye joto hunata, kwenye baridi hukakamaa, na kadiri siku zinavyopita huanza kupasuka. Viwanda vya Marekani vilijifunza hilo kwa hasara kubwa miaka ya 1830, pale viatu na makoti ya raba yaliponata na kunuka wakati wa kiangazi, kisha yakakauka na kukatika wakati wa baridi. Charles Goodyear alipata ufumbuzi mwaka 1839: kuchanganya raba na salfa, kisha kuipasha moto mkali. Alipewa hataza mwaka 1844, na ndiyo maana jina lake limeshikamana na raba hadi leo.

Kutoka hapo huzaliwa dhana ya pili, iliyoenea zaidi, kwamba kabla ya Goodyear hakuna aliyeweza kuifanya raba idunde na idumu. Ushahidi wa Meksiko unaikanusha waziwazi. El Manatí, mahali penye chemchemi katika jimbo la Veracruz, wanaakiolojia walichimbua mipira ya raba iliyohifadhiwa na tope lenye maji, na ya zamani zaidi inakadiriwa kuwa ya mwaka 1600 KK hivi. Paso de la Amada, jimbo la Chiapas, kuna kiwanja cha kale sana cha mchezo wa mpira huo. Tukiruka hadi enzi za Waazteki, Kodeksi Mendoza, kitabu cha michoro cha karne ya 16, kinaorodhesha ushuru wa mkoa wa Tochtepec, na humo imo mipira 16,000 ya raba. Huwezi kudai ushuru wa mipira 16,000 kutoka kwa watu wanaobahatisha.

Wahispania walipofika, mipira waliyoizoea kwao ilikuwa ya ngozi iliyojazwa manyoya, nywele au upepo. Waliandika kwa mshangao jinsi mipira mizito ya wenyeji ilivyoruka kuliko yao. Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania walioiteka Meksiko, alipokwenda Hispania mwaka 1528 alifuatana na wachezaji, wakacheza katika kasri ya Mfalme Karoli wa Tano, na mchoraji Mjerumani Christoph Weiditz akawachora wakiwa wamejiinamia kupokea mpira kwa makalio.

Dhana ya tatu niipite upesi, ingawa ndiyo inayopendwa na wageni wa Chichén Itzá, magofu ya mji wa Wamaya: kwamba kila mchezo uliisha kwa mtu kuchinjwa. Kafara zilikuwepo, na michoro ya mawe inazionyesha kwenye baadhi ya viwanja. Lakini viwanja vinavyojulikana ni zaidi ya elfu moja, na watu walicheza pia kwa burudani, kwa kamari na kwa heshima ya kijiji.

Turudi kwenye kudunda. Siri ilikuwa katika mmea mwingine kabisa, Ipomoea alba, mmea unaotambaa wenye maua makubwa meupe yanayochanua usiku. Ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu. Mwaka 1999 Dorothy Hosler, Sandra Burkett na Michael Tarkanian walieleza katika jarida la Science jinsi walivyokusanya utomvu na mmea huo Chiapas, wakaponda mashina, wakakamua maji yake, wakayatia kwenye utomvu na kukoroga. Baada ya takribani robo saa hutokea donge jeupe. Likiwa bado laini linaviringishwa, na muda mfupi baadaye una mpira unaoruka.

Ndani ya utomvu mna molekuli ndefu sana, nyembamba, zilizojikunja ovyo. Fikiria fungu la nyuzi ndefu zilizomwagwa sakafuni. Ukivuta uzi mmoja unachomoka, na fungu linabaki limelegea vilevile. Sasa zifunge mafundo hapa na pale, afanyavyo mfuma nyavu, kisha vuta tena. Uzi ulioushika unawaburuta jirani zake, wavu mzima unatanuka, na ukiuachia unarudi. Mafundo yakiwa machache mno, nyuzi zinateleza na nguvu uliyotumia inapotelea humo. Yakiwa mengi mno, wavu unakakamaa na hautanuki tena. Mpira unaodunda uko katikati: ukigonga ardhi unabonyea, nyuzi zinanyooshwa, na zinapojikunja tena kwa pamoja zinausukuma mpira juu.

Maji ya Ipomoea yanaonekana kufanya kazi mbili. Yanaondoa baadhi ya vitu vinavyoilainisha raba na kuzifanya molekuli ziteleze. Pia yana misombo yenye salfa, ambayo huenda inasaidia molekuli kushikana. Neno “huenda” nimeliweka kwa makusudi, kwa sababu hakuna uthibitisho kwamba mafundo hayo ni ya aina ileile aliyoipata Goodyear. Yeye alihitaji moto mkali, na hapa hakuna moto. Wala utaratibu wa kutengeneza raba wa mwaka 1600 KK haukuandikwa. Tunaujua kupitia maandishi ya karne ya 16 na majaribio ya siku hizi. Kwa hiyo kudai kwamba watu wa kale wa Meksiko walifanya kilekile alichofanya Goodyear ni kuzidisha. Walipata njia yao wenyewe ya kufikia raba inayonyumbuka.

Na waliidhibiti njia hiyo. Hosler na Tarkanian walipojaribu viwango mbalimbali waliona kwamba utomvu na maji ya mmea vikiwa nusu kwa nusu, raba inadunda vizuri kuliko zote. Utomvu ukiwa robo tatu, raba inastahimili msuguano na inafaa kwa soli za kandambili. Utomvu mtupu unafaa kwa kugundishia. Bidhaa tatu kutoka chungu kimoja, kwa kubadilisha kipimo tu! Huo ni uhandisi wa malighafi, na unastahili kufundishwa kwa jina hilo.

Ukishaelewa kemia hii, unaelewa pia shida ya wachezaji wa leo. Ulama ulipigwa marufuku na wakoloni kwa sababu za kidini, ukabaki hai Sinaloa, mikononi mwa familia za wakulima na vibarua. Kiwanja chao, wanachokiita taste, ni ukanda mrefu mwembamba wa udongo ulioshindiliwa. Mavazi ni mikanda na ngozi ya kukinga nyonga. Hivyo vyote kijiji kinaweza kujitengenezea. Mpira ndio mgumu kupatikana: unahitaji utomvu mwingi na fundi anayejua kuuandaa, na bei yake humlemea kibarua. Ndiyo maana mpira mmoja hutunzwa na kurithiwa.

Meksiko ina shirikisho la michezo ya asili, linalosimamia ulama pamoja na michezo mingine, kama mbio za mpira wa mbao za Wararámuri na mpira wa moto wa Wapurépecha. Bustani ya kitalii ya Xcaret, pwani ya Karibi, imewapa baadhi ya wachezaji kazi ya maonyesho yenye malipo. Mwaka 2019 kiwanja kilifunguliwa Azcapotzalco, ndani ya jiji la Mexico City. Nafurahia hatua zote hizi, ila maonyesho humfuata mtalii, na kijana wa kijijini Sinaloa anabaki kungoja zamu ya mpira wa babu yake.

Ningekuwa na fungu la fedha la kuwasaidia, ningeanza na miti ya Castilla na mafunzo ya mafundi vijana. Na ningeanza na ulama wa kigasha, aina ambayo mpira hupigwa kwa kigasha badala ya nyonga, ambao wanawake nao huucheza na mpira wake una uzito wa nusu kilo hivi. Utomvu wa mpira mmoja wa nyonga unatosha kutengeneza sita au zaidi ya hiyo midogo, idadi inayowezesha shule kadhaa kuanza mazoezi msimu mmoja.