Ushiriki wa mtoto si mahudhurio

Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, hapa Kisumu kama kwingineko nchini, hema hupigwa, watoto huletwa kwa mabasi ya shule wakiwa wamevaa fulana mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani, kisha mshereheshaji hushika kipaza sauti. Mara ya mwisho nilipokaa chini ya hema kama hilo, mshereheshaji alitangaza kwa furaha kwamba "ushiriki wa watoto umevuka mia mbili". Alikuwa amehesabu vichwa. Afisa aliyekaa kando yangu aliinakili hesabu hiyo kwenye fomu. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na neno hili nimelisikia likiteswa hivyo mara nyingi mno, kwa hivyo mtanivumilia.

Maana yake kwanza, haraka. Ushiriki wa mtoto ni mtoto kutoa maoni yake kwa hiari juu ya jambo linalomgusa, na maoni hayo kupewa uzito katika uamuzi kulingana na umri na ukomavu wake. Ndivyo inavyosema ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka wa 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka uliofuata. Mtoto, kwa Katiba yetu ya 2010, ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Hudhuria na shiriki yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti kabisa. Mzizi wa hudhuria ni wa kuwapo mahali. Ndio uliotupa mahudhurio, hadhara, hadharani na hadhira. Mwanafunzi aliyelala dawati la nyuma amehudhuria, na mwalimu atamwekea alama kwenye rejista bila kudanganya.

Mzizi wa shiriki ni wa kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Humo ndimo mlimotoka shirika, ushirika, mshirika, shirikiana. Na humo humo mlitoka neno zito kuliko yote hayo, ushirikina. Siku hizi tunalitumia kwa mambo ya hirizi na paka weusi, lakini mshirikina kwa asili ni yule anayempa Mungu mshirika, anayemweka mwingine kando ya Mwenyezi kana kwamba wanagawana mamlaka. Waislamu huiita shirki na huiona dhambi kubwa kupita zote. Fikiria kidogo kwa nini. Mtu akija tu msikitini na kuketi, hakuna anayetetereka. Linalotetemesha ni wazo la mamlaka kugawanywa. Uzito huo ndio uliomo ndani ya neno ambalo mshereheshaji wetu alilitumia kuhesabia fulana.

Wakristo nao wanaijua tofauti hii, ila wakitoka kanisani huisahau mlangoni. Katika makanisa mengi ya huku kwetu, mtoto ambaye hajapata kipaimara hukaa ibada nzima, huimba nyimbo zote, kisha meza ya Bwana inapoandaliwa hubaki kwenye benchi akiwatazama wakubwa wakienda mbele. Mwulize mama yake kama mtoto alishiriki. Atakwambia hapana, alihudhuria ibada, hajaanza kushiriki. Hatasita hata nukta moja. Mama huyo huyo, Jumatatu akiwa kwenye mkutano wa wadi, atakwambia watoto walishiriki kwa sababu walikuwapo na walikunywa soda.

Au tuwaendee wakulima wa maziwa wa Nakuru, au wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon kule Bungoma. Chama chao wanakiita ushirika. Kwa sheria ya Kenya ya vyama vya ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Mtu akisimama mlangoni mwa mkutano mkuu akichungulia, hata angesimama kuanzia asubuhi hadi jioni, haitwi mshirika. Hana fungu.

Kuna na kero ndogo ndani ya kero hii: kauli ya kutendesha. "Tumewashirikisha watoto." Mtendaji hapo ni nani? Ni sisi. Mtoto amekuwa mtendeshwa, kama anavyolishwa na kuogeshwa. Sisemi kitenzi hicho ni kibaya, maana mwenye kikao ndiye mwenye mlango na lazima aufungue. Lakini kufungua mlango ni kazi ya dakika moja, na ripoti nyingi huishia hapo.

Wataalamu wameyasema haya kwa njia yao. Mwaka wa 1992 Roger Hart, katika maandishi yaliyotolewa na UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki yenye vidato vinane (vidato vya ngazi, si vya sekondari). Vitatu vya chini aliviita si ushiriki kabisa: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, na mtoto kuwekwa kwa jina tu. Shairi lililotungwa na mwalimu, likakaririwa na watoto thelathini kwa mikono inayopanda na kushuka pamoja, likamsifu mgeni wa heshima, mimi naliweka kwenye kidato cha pambo. Ni zuri, na watoto hulifurahia. Ila ni burudani, na burudani ina jina lake. Naye Laura Lundy wa Belfast aliandika mwaka wa 2007 kwamba mtoto anahitaji nafasi, sauti, hadhira na ushawishi. Angalia neno la tatu. Hadhira wawe wakubwa. Chini ya mahema yetu hadhira ni watoto, na wanaosema kwa saa tatu ni wakubwa.

Siku ile niliyoitaja, baada ya shairi, msichana mmoja aliruhusiwa kuuliza swali. Alikuwa ameandikiwa karatasi, akaikunja. Akauliza: "Choo cha wasichana shuleni kwetu hakina komeo. Nani anafaa kuulizwa?" Watu wakacheka, wakapiga makofi, mshereheshaji akasema huyu ni mbunge wa kesho, muziki ukawekwa. Hakuna aliyemjibu.

Na swali lilikuwa na jibu. Kama ni chekechea, aulizwe kaunti, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya awali. Kama ni kuanzia darasa la kwanza, ni serikali ya kitaifa, na aanzie kwa bodi ya usimamizi ya shule. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi hiyo kwa wadhifa wake. Ni bodi ngapi zimewahi kumvutia kiti mtoto huyo? Ibara ya 37 ya Katiba nayo inampa "kila mtu" haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Kura imewekewa umri. Ibara hiyo haikuwekewa.

Halafu kuna suala la tarehe. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtoto anayepewa kipaza sauti tarehe 16 Juni anaagiza chakula wakati sufuria inaepuliwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambamo komeo na mabomba huingia mapema, huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Anayetaka mtoto awe na fungu amwite Julai au Agosti, bila hema.

Najua wazee watasema mtoto hasimami mbele ya wakubwa akadai. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka wa 1990, umewajibu kwa heshima: unamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wazee, na katika mkataba huo huo unataka asikilizwe. Wala hakuna aliyesema neno la mtoto liwe la mwisho. Lipimwe, na likikataliwa aelezwe sababu. Si ninyi wazee mliotufundisha kwamba mkubwa ni jalala? Basi na mpokee.

Tarehe yenyewe inatuumbua. Mwaka wa 1976, siku kama hiyo, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walitoka madarasani kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Polisi wakafyatua risasi, na Hector Pieterson akawa miongoni mwa waliouawa. Hakuna aliyekuwa amewashirikisha wala kuwagawia fulana. Mwaka wa 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, nasi tukaileta chini ya hema.

Kwa hivyo, ndugu mshereheshaji, ukipewa tena kipaza sauti, sema tu kwamba watoto mia mbili na kitu wamehudhuria. Ni Kiswahili safi, tena ni kweli. Yule msichana wa komeo ndiye pekee niliyemwona akikaribia kushiriki, na kwa kuwa hakujibiwa, hata yeye ningemwandika kwa penseli.